Anko Muchiri, Beki wa Kulipwa kwa Dakika Sitini na Tatu

Jumapili, 10 Agosti
Anko Muchiri amefika kutoka Somalia! Likizo ya siku nane tu. Jumatatu ijayo anarudi vitani. Mimi sijakubali. Taarifa ya habari ikianza, Cucu, nyanya yangu, huzima redio na kujifanya anatafuta chumvi. Mwaka mzima tumekula chakula chenye chumvi nyingi.
Nimepata mpango. Mchezaji wa kulipwa hawezi kupelekwa vitani. Nimelifikiria jambo hili dakika kumi nzima na sijaona kasoro.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimemwandikia Kocha Wabuge wa Munyaka Shujaa. Nimejiita wakala. Nimesema mteja wangu amecheza nje ya nchi. Si uongo. Kambini wanacheza kila jioni, kwa mpira wa soksi. Soksi sikuzitaja.
Emmaculate wa jirani amesoma barua akacheka mpaka akakaa chini. Kaka yake, Javan, ni nambari tisa wa Soy Kombaini, magoli kumi na manne, na Emmaculate huyataja kana kwamba kafunga yeye. Ameniuliza kama anko wangu ataupigia mpira saluti. Mjinga!

Jumatano, 13 Agosti
Kocha amekuja nyumbani! Beki wake wa kulia amevunjika kidole, na Jumamosi ni mechi na Soy. Akauliza wakala yuko wapi. Nikainua mkono. Ule mwingine ulikuwa umeshika kuku.
Anko hakujua lolote. Alinitazama kama bomu ambalo halijalipuka. Lakini Cucu alisema kijana huyu alianza kupiga mateke akiwa tumboni, na Anko hawezi kumkatalia Cucu. Ametia sahihi! Malipo: trei ya mayai kila mechi.

Ijumaa, 15 Agosti
Mazoezi. Anko hachoki. Kocha akisema neno, anajibu, "Ndiyo, afande!" Kocha amependa sana. Sasa anataka timu nzima imwite afande.
Nimetoa buti za jeshi za Anko kwenye begi na kuzificha chini ya kitanda cha Cucu. Hatazihitaji tena.

Jumamosi, 16 Agosti
Sijui nianzie wapi.
Kocha alimpa Anko amri moja. Kaa na Javan popote aendapo, usimwache mpaka nikuambie. Mpaka nikuambie! Timu nzima ilisikia.
Kipindi cha kwanza Javan hakugusa mpira. Raha! Wakati wa mapumziko Javan akaenda kwa wenzake, na Anko akaenda naye. Kocha wa Soy alieleza mbinu zake zote huku Anko amesimama katikati yao, mikono nyuma. Hakuna aliyethubutu kumfukuza. Javan akaenda msalani. Anko akasimama mlangoni. Emmaculate akasema ni aibu. Nikamwambia ni kazi ya kulipwa.
Dakika ya sitini na tatu, Soy wakamtoa Javan, karibu alie. Tukashangilia! Kisha Anko akatoka naye. Akakaa kwenye benchi la Soy, bega kwa bega na Javan.
Kocha Wabuge alimwita kwa sauti yote aliyojaliwa. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, napuliza vuvuzela kwa furaha. Anko hakusikia kitu. Refa akasema aliyetoka bila ruhusa harudi. Soy wakapitia upande wetu wa kulia mara tatu. Tatu bila.
Kocha amevunja mkataba palepale uwanjani. Na vuvuzela.

Jumapili, 17 Agosti
Anko amenikalisha chini. Amesema hata angefunga magoli kumi, kesho angeondoka, kwa sababu aliapa. Jeshi haliachwi kwa trei ya mayai. Hilo sikulijua.
Nikalia. Akasema amri ya Kocha haikumtatiza hata kidogo. Kule kambini kila mtu ana mwenzake ambaye hamwachi, naye Anko pia ana wake asiyemwacha, hata mlangoni mwa choo. Kwa hiyo nisiogope. Nikacheka na kamasi.
Kisha akaniuliza buti ziko wapi. Ameniapisha kwa Biblia ya Cucu: sitaandika tena barua kwa niaba yake. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumatatu, 18 Agosti
Anko ameondoka asubuhi. Amenipungia mkono mpaka kona.
Nimetimiza ahadi. Kwa niaba ya Anko sijaandika hata mstari. Barua kwa kamanda wake nimeiandika kwa niaba ya Cucu. Cucu anasema soka imemshinda kijana wake, tumekubali, lakini kwenye voliboli Eldoret nzima inamlilia. Emmaculate ametia sahihi, maana mwandiko wake unatetemeka kama wa mzee. Anko hajawahi kugusa mpira wa voliboli, lakini ni mrefu.
Tumeshaituma. Sasa nasubiri jeshi lijibu.