Nilivyomuuza Mzee Shekiondo kwa Watu wa Soni

Leo nimefukuzwa kazi ambayo sikuwahi kuajiriwa. Tena aliyenisomea ujumbe wa kufukuzwa ni Mchungaji, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya ndoa.

Subirini niwaeleze vizuri. Niko kafe ya intaneti mjini Lushoto, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na ukungu umeingia mpaka mlangoni kama mteja asiye na haraka. Nawaandikia hapa jukwaani kabla aibu haijapoa. Ikipoa nitaanza kujipendelea.

Nyumbani Malindi, hii yetu ya milimani, si ile ya pwani, usharika wetu una chumba cha kompyuta. (Kinaitwa hivyo kwa heshima. Kompyuta ni moja, waliileta wageni kutoka Ujerumani, na ina pazia lake la maua, zuri kuliko la madhabahuni.) Mchana watu wanajifunza kuchapa. Jioni ni zamu ya vijana, na vijana tunacheza ule mchezo wa kuongoza timu ya mpira. Hupigi mpira kwa vidole. Wewe ni kocha: unasajili, unauza, unapanga kikosi, kisha unakaa na kumwomba Mungu. Picha hakuna. Ni maandishi tu ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini: fulani ana mpira, fulani anapiga krosi, fulani anaruka... halafu skrini inanyamaza.

Jamani, kile kimya! Mimi naandika riwaya, mnajua ninavyohangaika na sura ya tano. Sijaona mwandishi anayejua kumtesa msomaji kama kile kimya cha kabla ya goli. Yeyote aliyeutunga mchezo huu, popote alipo, namvulia kofia yangu ya sufu.

Sasa, habari zikawafikia wazee wa kanisa kwamba vijana wamegeuza chumba kuwa cha kamari. Si kamari! Lakini habari ikishapanda mlima haishuki. Wakasema watakuja leo waone kwa macho yao, na wakitoka wataamua: mchezo ubaki, au ufutwe na chumba kifungwe mapema. Wenzangu, jioni ya Malindi bila kile chumba ni baridi, kabichi na kulala.

Vijana wakanichagua mimi nikawatetee.

"Wewe mgosi una maneno," alisema rafiki yangu Singano. (Mgosi ni bwana, kwa Kisambaa. Na maneno ninayo kweli. Ndiyo yaliyoniponza.)

Wakaingia baada ya chakula cha mchana. Mchungaji mbele. Nyuma yake Mama Nehemia, kiongozi wa kwaya ya akina mama, ambaye akikutazama ukiwa unaimba vibaya unaacha hata kupumua. Mwisho Mzee Shekiondo, mkulima wa kabichi, kabuti limefungwa vifungo vyote mpaka kidevuni. Tukawapa shikamoo zao mmoja mmoja, tukawapa viti. Sisi vijana tukajipanga ukutani kama washtakiwa.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikafungua timu moja ya Uingereza yenye wachezaji safi, wasio na neno na mtu, nikaanza kuhubiri. Nikawaambia mchezo huu unafundisha uongozi. Ukitaka kufanikiwa, usikimbilie kununua majina makubwa. Tazama kwanza una nani nyumbani. Mchezaji aliyechoka mpumzishe, hata kama ni nyota. Kijana mpya mwingize dakika za mwisho timu ikiwa inaongoza, ajifunze akiwa na amani. Nahodha asiwe yule anayefunga sana, awe yule ambaye wenzake wakimtazama wanatulia.

Mchungaji alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali. Nikaona mambo yamenyooka. Nikaongeza mkolezo:

"Na zaidi, unafundisha kukubali matokeo. Ukishindwa, umeshindwa."

(Uongo. Kila mtu ukutani anajua kwamba nikishindwa huwa nazima mashine na kuanza upya.)

Mzee Shekiondo akakohoa. "Hawa Wazungu mnawajua?"

"Hapana, Mzee."

"Sasa mnawaongozaje watu msiowajua?"

Singano akanikanyaga mguu.

"Tuonyeshe timu mnayochezaga siku zote," akasema Mzee. "Hii ni ya wageni."

Hapo ndipo jasho lilipoanza, na Malindi jasho ni nadra kama mvua ya mawe. Maana timu yetu ya siku zote ina jambo. Mchezo huu unakuruhusu kubadilisha majina. Miezi iliyopita mimi na Singano tulichukua timu moja ya daraja la chini, tukaiita Malindi, na wapinzani wake tukawaita Soni, Mlalo, Bumbuli, Mombo. Na wachezaji tukawapa majina ya watu wetu. Hiyo ndiyo mbinu yangu kubwa kuliko zote, nawapa bure: wape wachezaji majina ya watu unaowaheshimu. Hutawachezesha ovyo. Utajua nani mgumu, nani ana hasira, nani hakati tamaa mvua ikinyesha. Tuliwapa kwa mapenzi, naapa. Lakini hakuna mzee hata mmoja aliyeombwa ruhusa.

Nikafungua. Nilitumaini Kiingereza kitanificha. Nilisahau kwamba jina la mtu halina Kiingereza.

Mama Nehemia akavaa miwani, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye skrini.

"Huyu namba moja... si mimi?"

"Ni wewe, Mama."

"Nafanya nini humu?"

"Unadaka, Mama. Wewe ni golikipa. Maana kwaya ikitoa sauti moja ya ovyo, kabla haijafika kwenye viti vya mbele wewe umeshaidaka."

Akanitazama. Nikajua nimekwisha. Halafu akauliza polepole, "Na hizi namba?"

"Ni uwezo wako. Mwisho ni ishirini. Ujasiri umepata ishirini. Kupanga mabeki, ishirini."

"Mm." Akakaa wima. "Na hii nane?"

"Kuruka, Mama."

"Nane!"

"Mama, ni yale magoti..."

"Magoti yangu umeyaona wapi wewe?"

Vijana ukutani wakaanza kukohoa kwa pamoja. Mchungaji naye akainama kusoma. "Mimi nipo?"

"Upo, Mchungaji. Winga wa kulia. Una kasi." (Mmeona anavyopanda milima kwenda kuzika? Huyu mtu hafiki wa pili popote.)

"Mbona jina langu limewekwa pembeni, lina rangi nyekundu?"

"Umefungiwa mechi mbili, Mchungaji."

"Kwa kosa gani?"

Nikatazama dari. "Kumtolea mwamuzi maneno."

"Maneno gani?"

"Mashine haisemi, Mchungaji."

Mama Nehemia akacheka. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na Mchungaji mwenyewe akashindwa kujizuia. Ule mlima uliokuwa kifuani kwangu ukashuka kidogo. Nikadhani tumepona.

Mzee Shekiondo hakuwa amecheka. Kidole chake, kile kidole kilichochimba matuta ya kabichi maisha yote, kilikuwa kinashuka kwenye majina, moja baada ya jingine, mpaka chini. Kikapanda tena juu. Kikashuka tena.

"Mimi sipo," akasema.

Na wala hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefika kwenye harusi akakuta amesahauliwa.

"Ulikuwepo, Mzee," nikasema. "Beki wa kati. Nahodha. Nguzo yetu."

"Nilikuwepo."

"Umri, Mzee. Mle ndani miaka inakwenda haraka. Kasi ilipungua, nikaona nimpe kijana nafasi, na kukatokea timu inayokutaka..."

"Timu gani?"

Mungu wangu.

"Soni."

Mtu wa mbali hataelewa, kwa hiyo niseme. Mzee Shekiondo hushusha kabichi sokoni Soni. Ugomvi wake na wanunuzi wa kule unajulikana mpaka Mombo, kule chini ya mlima. Watalishikashika kabichi lake, watasema limenyauka wakati bado lina umande, na yeye atakaa juu ya gunia mpaka jua lizame kuliko kukubali bei yao. Mtu huyu ndiye niliyempeleka huko, mimi mwenyewe, kwa kubonyeza mara moja.

"Umeniuza Soni," akasema. "Kama kabichi."

"Mzee, naomba radhi..."

"Walinishikashika kwanza?"

Hapo ukuta mzima ukalipuka. Vijana wakaangua kicheko, Singano akakaa chini kabisa. Mimi peke yangu nilibaki nimesimama.

Mzee akasubiri wanyamaze. Kisha akavuta kiti karibu. "Mechi na Soni lini?"

Nikatazama ratiba. (Ratiba haina huruma.) "Ndiyo inayofuata, Mzee."

"Weka."

Nikaweka. Na kwa kuwa maandishi ni ya Kiingereza, ikabidi nitangaze kama redio. Niwe mkweli, nilitangaza vizuri. Niliweka na vitu ambavyo mashine haikuandika: ukungu ukishuka kutoka msituni, akina mama wakipiga vigelegele upande wa juu. Mchungaji akasahau kukunja mikono. Mama Nehemia alidaka mpira wa hatari nikamsifu hadi akainuka kitini na kupunga mkono.

Singano tu ndiye aliyejua ninachokificha. Tangu nimuuze Mzee, mabeki wangu vijana walikuwa wanapotea kama mbuzi wasio na mchungaji. Tulikuwa tumepigwa mfululizo, na bodi ya timu ilikuwa imeshanionya: ukishindwa tena, kwaheri.

Dakika za mwisho. Bila kwa bila. Kona kwa Soni. Nikasoma: "Mpira unapigwa... anaruka..."

Jina likatokea. Nikanyamaza.

"Soma!" akasema Mchungaji.

"Anaruka Mzee Shekiondo."

Skrini ikanyamaza. Kile kimya. Mzee alikuwa amenyanyua kidevu nje ya kabuti, shingo imenyooka, kana kwamba mpira ungefika kweli.

Goli.

"HAAA!" Mzee akarusha mikono juu, kifungo cha kabuti kikaruka hadi dirishani. "Nani mzee? Nani amepungua kasi?"

"Shekiondo!" Mama Nehemia akamgeukia. "Unanifunga mimi? Usharika wako?"

"Mbona hukudaka?"

"Nilikuona ni wewe, nikakuachia kwa heshima!"

Singano akainama sikioni kwangu. "Zima, mgosi. Chomoa." Lakini waya ulipita chini ya kiatu cha Mchungaji, na mimi ndiye niliyehubiri kukubali matokeo. Filimbi ikalia. Kikatokea kisanduku katikati ya skrini. Nikajaribu kukifunga. Mchungaji akanizuia mkono, akasafisha koo, akatafsiri (kumbe Kiingereza anakijua):

"Bodi... inasikitika kutangaza... kwamba imemwondoa kazini kocha... mara moja. Inamtakia mafanikio kwingineko."

Akafika kwenye jina langu, akalisoma lote, na la ubatizo.

Hebu fikirini. Nimefukuzwa na bodi ya kwenye mashine, mbele ya bodi ya kanisa, nikiwa wakili wa uongozi bora.

"Timu sasa inabaki na nani?" akauliza Mama Nehemia.

"Mtu mwingine anaweza kuiomba, Mama."

"Ondoka hapo."

Akakaa. Na hapa, wenzangu, niacheni niseme bila mzaha: sijaona kitu kizuri kama kile. Kabla ya kugusa chochote alisoma majina yote ya wachezaji, moja moja, kwa sauti, kama anavyofanya kwaya ikianza mazoezi. Akauliza kila mmoja amechoka au hajachoka, ana umri gani, mara ya mwisho kucheza lini. Beki kijana niliyekuwa nikimlaani kila siku, akagundua nimemweka kushoto wakati ni mtu wa kulia. Miezi yote ile sikuliona! Kisha akasema, "Sasa mrudisheni Shekiondo."

Tukapeleka maombi Soni. Wakakubali. Jibu la mchezaji likaja. Nikalisoma mara mbili, moyoni, nikatamani niwe Mombo.

"Wanasemaje?"

"Soni hawana neno, Mama. Mchezaji ndiye... hataki kurudi."

Akageuka taratibu. "Shekiondo."

"Si mimi! Ni mashine!"

"Jina ni lako!"

"Niliuzwa bila kuulizwa," Mzee akasema, akijifunga kabuti lililobaki na vifungo pungufu, na kwa mara ya kwanza leo nikaona anatabasamu. "Sasa nibembelezwe."

Wakatoka nje kushauriana. Sisi tukabaki tunasikiliza sauti zao kwenye ukungu, zikipanda na kushuka. Waliporudi, Mchungaji akatangaza: mchezo unabaki. Chumba hakitafungwa mapema, kitafungwa kwa kuchelewa zaidi.

Tukapiga makofi mpaka mikono ikapata joto.

"Ila jioni," akaendelea, "zamu ya kwanza ni ya wazee. Mpaka suala la Soni litakapokwisha. Vijana mtakuja baadaye, kama Mama Nehemia atakuwa amemaliza."

Na mimi? Nimepewa kazi ya kutangaza. Nisome na kutafsiri, nisiguse kipanya. Mama Nehemia amesema nina sauti nzuri, tatizo langu ni kuamua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, chekeni kama lazima, lakini msinijibu kwa maneno makali. Nilipomwambia Mzee Shekiondo njiani kwamba naja kuwaandikia, aliniuliza hii intaneti inasomewa wapi, na kama watu wa Soni nao wanayo.