Beji Sita za Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Ushindi! Mama mkwe amefungua mkebe wa marehemu mumewe. Beji kumi na mbili za jeshi, za zamani hasa. Sita kampa mwanawe, yaani shemeji yangu. Sita kanipa mimi! Shemeji akanuna kama aliyemeza ndimu na maganda yake.

Mama akatuonya tusizioshe. Marehemu, alisema, alikuwa akizipitishia dole gumba kila asubuhi, moja moja, kama anayehesabu tasbihi, ndiyo maana zimekuwa nyeusi. Nikaitikia kwa adabu zote za mkwe.

Jumamosi anakuja Bwana Lenzi, mnunuzi wa vitu vya kale. Shemeji ataleta masizi. Mimi nitaleta nuru. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumanne, 4 Juni
Nimesugua tangu nilipotoka masjala. Dawa ya kung'arishia shaba, limau, majivu, mswaki wa mke wangu (hajui). Namba za nyuma zimefutika kidogo. Nani asomaye nyuma?

Jinsi zinavyong'aa! Nimeuona uso wangu ndani ya beji ya tano. Nyuma yangu amesimama mtu mrefu. Kugeuka, hamna. Ni ile picha ya baba mkwe ukutani, bila shaka. Ingawa kwenye picha amekaa.

Alhamisi, 6 Juni
Hujuma! Beji ya sita imeamka nyeusi tii. Katikati ina alama ya dole gumba, pana kuliko langu. Nikaisugua. Nilipotoka kuoga, nyeusi tena. Na ina vuguvugu, kama kitu kilichoachwa sasa hivi na kiganja cha mtu.

Mke wangu amesema sebule inanuka koti la sufu lililolowa. Mvua haijanyesha mwezi mzima. Nikamwambia ni kaka yake huyo, kikulacho ki nguoni mwako. Akaniuliza tangu lini kaka yake ana koti. Nikabadilisha mazungumzo.

Ijumaa, 7 Juni
Mtego! Asubuhi nilinyunyiza unga sebuleni, nikafunga mlango, nikaenda na ufunguo kazini. Kurudi saa kumi: nyayo za buti! Zimeanzia ukutani, chini ya picha, zikafika mezani. Zote za mguu wa kulia. Za kurudi, hamna hata moja.

Nikamwita mama mkwe ajionee uovu wa mwanawe. Alifika mlangoni, akavua kandambili.

“Wewe hukumkuta,” akasema polepole. “Ule wa kushoto aliuacha vitani.”

Kisha akasema, “Pole, baba.” Si kwangu. Kwa ile meza.

Maskini, uchungu wa mama. Mimi nimeshaelewa: shemeji karukaruka kwa mguu mmoja ili kunitia kiwewe. Dirisha lina nondo, kweli, lakini siku hizi amekonda.

Jumamosi, 8 Juni
Msiba. Bwana Lenzi kazinunua sita za shemeji papo hapo, na masizi yake. Zangu kazisukuma kwa ncha ya kalamu. Akasema hizi zimekufa. Nikamweleza kwamba ni safi. Akasema ule weusi ndio cheti chao cha kuzaliwa, nami nimekichana. Sasa ni shaba tu, kama kitasa cha mlango.

Halafu akainua ile ya sita. Akaisogeza karibu na jicho. Akasema hajawahi kuona utando kama huo, miaka mingi ya kiganja kimoja; hiyo peke yake inazizidi zote za shemeji. Nisiiguse hata kwa ukucha, ataifuata Jumatatu.

Akiaga, akauliza yule mzee pale dirishani naye anauza nini. Tukacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili, 9 Juni
Akili ni mali! Kama hujuma ya shemeji ina thamani, na azihujumu zote. Nimezipanga tano kando ya ile nyeusi, nimeacha mlango wazi, nikatangaza kwa sauti: karibu, endelea na kazi.

Ile nyeusi ilikuwa na vumbi la unga pembeni. Nimeipangusa. Kidogo tu. Na tone moja la dawa.

Jumatatu, 10 Juni
Zote sita zinawaka kama jua. Hakuna iliyorudi kuwa nyeusi. Bwana Lenzi kaondoka bila kugusa chai.

Alama yenyewe imehamia kwangu. Nimeamka nayo: dole gumba jeusi kifuani, upande wa kushoto, pale askari anapovaa beji. Ina vuguvugu. Mama mkwe alipoiona alikaa chini. Akanisihi nisiioshe. Akasema marehemu hakuwa mtu wa kumwekea mkono kila mtu, hata mwanawe hakumwekea. Shemeji alipoisikia habari hiyo akalia, sijui kwa nini.

Sabuni haiitoi. Limau nalo limeshindwa. Nimenunua kopo jipya la dawa ya shaba, kubwa. Shati nimeshavua.