Nimemuaga Mgonjwa Ambaye Haendi Popote

Leo nimejimaliza mwenyewe. Nzisa na Kavata, someni hii mkiwa mmekaa, na mkimaliza fungeni hili daftari, kaka zenu wasilione.

Mnajua tangu tumalize Form Four nasaidia kwenye ofisi ya rekodi ya hospitali ya misheni, hapa karibu na Mukuyuni. Kazi yenyewe si ngumu. Daktari anaandika ugonjwa kwenye kadi. Mimi naufungulia kitabu kikubwa, napata nambari yake, naiandika pembeni. Mwisho wa mwezi nambari zinaenda Nairobi kuhesabiwa. Mkubwa wangu, Bwana Kilonzo, ana sheria mbili: usikisie, na ulichosoma kwenye kadi kibaki ofisini. (Hiyo ya pili hainisumbui. Mimi hata salamu hunikwama kooni.)

Asubuhi nikachukua kadi ya juu. Ya Musyoka.

Ndiyo, yule yule. Tenor wa kwaya ya vijana. Yule ambaye nikimwona njiani nainama kufunga kamba za viatu. (Hata nikiwa na ndala.)

Kwamba amelazwa nilijua, kanisa lote linajua. Alikuwa na kinundu kigumu juu ya mguu, kiatu kikakataa kumwingia, daktari akakitoa. Sasa nikaona alichoandika: jina refu la uvimbe wa mfupa, kwa mwandiko kama sweta iliyofumuka.

Uvimbe una jedwali lake kwenye kile kitabu. Unashuka na kidole mpaka kwenye neno mfupa, unashuka tena mpaka mguu, halafu kuna safu za nambari zimepangwa kuelekea kulia. Ya kwanza ni ya saratani. Ile ya uvimbe usio na ubaya iko huko mbali. Bwana Kilonzo alinifundisha nitafute kwanza lile jina refu, lenyewe linakwambia uingie safu gani. Lakini kadi ilikuwa ya Musyoka, nikaliruka lile jina. Nikaweka rula, nikaandika nambari ya kwanza niliyokutana nayo.

Hapo ningenyamaza ningekuwa salama. Kiherehere kikanituma nifungue nyuma nione nambari hiyo maana yake ni nini.

Saratani ya mfupa.

Nikaamini. Nambari nimeiandika mimi, dakika hiyo hiyo, na bado nikaiamini kama imeshuka kutoka mbinguni. Bwana Kilonzo alikuwa kwa matroni, kwa hivyo hakuna wa kuuliza. (Hata angekuwepo, ningeuliza na mdomo gani?) Nikalia kwenye kabati la mafaili mpaka saa ya kuona wagonjwa.

Nikachukua mkebe wangu wa muthokoi, chakula changu cha mchana, nikaenda wodi ya wanaume. Musyoka ameketi kitandani, mguu umefungwa bendeji, anatafuna chungwa. Mama yake yuko kando anamenya lingine. Kitanda cha pili kuna mzee mwenye plasta mpaka kwenye nyonga, hana la kufanya ila kusikiliza.

"Mwende! Umekuja kuniona?" Musyoka akasema.

"Nimekuja kukuaga."

"Unasafiri?"

"Si mimi."

Akaacha kutafuna. Mimi nikaona muda ni mchache, na maneno ya miaka yote yakatoka kwa mkupuo. Nikamwambia sauti yake ndiyo inayonifanya niende kanisani hata mvua ikinyesha. Nikamwambia zile kamba za viatu hazikuwa zimefunguka. Nikamwambia sitaimba tena na tenor mwingine. Mzee wa plasta alikuwa amejiinua kwa kiwiko ili asikie vizuri.

Mama yake akaweka kisu chini. "Mwende, wewe unafanya ofisi ya kadi. Umesoma nini?"

Nikakumbuka sheria. Nikafunga mdomo. Nikaanza kulia.

Ngai! Mama alipiga nduru mpaka nesi akaja mbio. Nyuma yake nani? Bwana Kilonzo, kadi mkononi, miwani kwenye paji la uso.

"Mwende, hii nambari umeitoa safu gani?"

"Ya kwanza," nikasema.

"Na jina la uvimbe uliliangalia?"

"Nililiruka," nikaiambia sakafu. Sakafu haikunisaidia.

Nesi akamshika mama bega. "Mama, si daktari alikueleza jana? Ni kinundu cha mfupa tu. Kimetolewa chote, hakina ubaya wowote. Kesho mnaenda nyumbani."

Mama akakaa. Akafuta uso na leso. Akaniangalia, mimi nikitafuta mlango uko wapi, halafu akavuta ule mkebe wa muthokoi na kuufungua.

"Basi hii chakula tukule," akasema. "Matanga yameahirishwa."

Wodi ikalipuka. Hata Bwana Kilonzo, ambaye sijawahi kuona meno yake, aligeuka dirishani mabega yakimcheza. Akanipa kadi na kalamu, nikafuta saratani ya Musyoka nikiwa nimesimama mbele ya watu wote, nikaandika nambari sahihi aliyonitajia. Akasema anaenda kuangalia kadi zangu zote za wiki hii, na kesho nije mapema. Kumbe sijafukuzwa.

Nikageuka kuondoka.

"Mwende," Musyoka akaita. "Na yale ya sauti yangu? Nayo yafutwe?"

Nikajibu. Nadhani nilijibu. Mimi mwenyewe sikujisikia.

"Amesema hapana!" mzee wa plasta akatangazia wodi nzima.

Sasa niko nyumbani, nimejifunika blanketi na joto lote hili, na meno yangu yote nje. Tafadhali chekeni mmalize sasa. Jumapili tenor anarudi, na mimi nitahitaji rafiki wawili wenye nyuso za kawaida.