Afisa Hewadi wa Kwaluguru

Jumatatu, 12 Mei
Awadhi kapeleka barua ya posa kwa akina Munira. Awadhi! Pikipiki moja na shingo ya bata. Barua yangu iko tayari, Mjomba Athuman ataipeleka keshokutwa. Ila babu yake Munira, Mwalimu Semboja, huuliza ukoo kwanza. Awadhi ana ukoo wa kumwaga. Mimi ninalo jina: Mustafa Hewadi. La Kiingereza! Limo kwenye cheti changu cha darasa la saba.

Nikamuuliza Bibi Mashavu limetoka wapi. Kasema babu yangu alikuwa akimpikia chai msimamizi Mwingereza, Bwana Hayward, shamba la mkonge Korogwe. Karani akaona uvivu kuuliza jina la baba yake, akamwandika la bwana. Sisi hasa ni akina Semvua. Nikamwambia chai ya bwana haipikwi na mtu baki. Akaendelea kupepeta mahindi.

Jumanne, 13 Mei
Korogwe, kwa Serafina anayechapa barua pale stendi. Kanitafutia mtandaoni asili ya jina Hayward. Karatasi nzima, Kiingereza kitupu! Neno moja nimelijua palepale: afisa. Serafina akataka kunitafsiria yaliyobaki. Nikamwambia asijisumbue, yaliyobaki ni mapambo. Akaguna.

Jumatano, 14 Mei
Mjomba kaipeleka barua. Ile karatasi nimeibana nyuma kwa pini. Akauliza ya nini. Nikasema ya kumaliza mjadala. Kisha nikapita mbele ya Awadhi mara nne. Nimemwambia aanze kuniita Afisa, azoee.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeitwa baada ya swala. Wazee sita mkekani. Shikamoo zote nikazimaliza. Mwalimu Semboja akavaa miwani, akaisoma karatasi yote, kisha akaitafsiri polepole kama anatoa imla. Kumbe zamani huko Uingereza, Hayward alikuwa afisa wa uzio wa kijiji! Kazi yake kukamata mifugo iliyoingia kwenye mazao na kuifungia mpaka mwenyewe aje.

Mzee mmoja akasema ng'ombe wamemlia ekari mbili mwezi huu. Mwingine, ekari na nusu. Wakanigeukia wote. Kwa furaha!

"Kijana," akasema Mwalimu, "ukoo wako umekuja wakati tunauhitaji."

Sikukataliwa! Nilinde mashamba ya bondeni mpaka mavuno, ndipo posa ijibiwe. Ya Awadhi nayo isubiri. Mwenyewe alikuwa mlangoni, kaziba mdomo kwa kofia. Acheke. Yeye ana pikipiki, mimi nina cheo.

Jumapili, 18 Mei
Miba. Umande mpaka magotini. Lakini alfajiri nimekamata dume! Jekundu, nene, katikati ya mahindi, linatafuna bila aibu. Nikalifunga kamba, nikalipitisha njia kuu nikipiga mluzi mpaka ofisi ya kata. Nikatangaza: mwenyewe aje na faini, magunia mawili ya mahindi. Watu wakajaa.

Akaja Mwalimu Semboja. Dume lake. Lile analolinenepesha kwa harusi ya Munira.

Munira alikuwa nyuma yake, ndoo kichwani. Akanitazama kwanza mimi, kisha kamba.

"Afisa," akasema, "umeifunga kamba pilau ya harusi yako."

Ningeweza kufungua. Wote walikuwa wakisubiri nifungue, hata dume. Nikasema Hewadi hachagui ng'ombe, faini ni ileile.

Jumatatu, 19 Mei
Posa ya Awadhi imekubaliwa. Mwalimu kalipa magunia mawili, Awadhi akalirudisha dume nyumbani, akakaribishwa chai. Chai tu! Barua yangu imerudi bila ile karatasi. Karatasi yenyewe imebandikwa ukutani ofisi ya kata, na jina langu chini yake kwa wino mwekundu. Posa imekufa, ulinzi uko palepale. Mpaka mavuno.

Sijuti. Afisa ni afisa.

Jumanne, 20 Mei
Habari kubwa! Bibi kasema Hayward alipoondoka alikuja msimamizi mwingine, Bwana Marshall, na babu akampikia chai vilevile. Marshall! Sikia linavyopiga mguu chini! Nimempigia Serafina. Safari hii kanilazimisha nisikilize mpaka mwisho: zamani Marshall alikuwa mtunza farasi.

Nimesikiliza. Nimepima. Nimeanza barua ya kumposa Ikram, binamu yake Munira, naye mjukuu wa Mwalimu. Hapa hakuna hatari yoyote. Kwaluguru nzima hakuna farasi hata mmoja. Kuna punda tu, sita, wa Mwalimu Semboja.