Mwezi Wangu na Simu ya Kificho

Jumatatu, mwezi 25 Ramadhani, 1356 (Wazungu wao wanauita 1937)

Naanza kuandika leo. Mtu mkubwa lazima aache habari zake. Hati yangu si nzuri, chuo cha Kurani nilikaa kidogo, lakini mwalimu mwenyewe alikiri kuwa sauti yangu ilimshinda yeye. Mie ndiye Nyange bin Jaribu, mpiga mbiu wa Ole, hapa Pemba. Pembe ya nyati, kijiti cha kuigongea, na koo hili. Nikipaza hapa, mtu aliyelala Wete anageuka. Mke wangu Mwatum anasema anageuka ili alalie sikio la pili. Wivu.

Habari ya leo mbaya. Zile nguzo walizokuwa wakizisimika njia nzima, mie nikidhani za bendera, kumbe za simu! Imeshafungwa ofisini kwa Mudiri, mkubwa wa serikali hapa kwetu. Kisanduku cha mbao ukutani, kengele mbili juu kama macho ya chura, na kimkono cha kuzungushia. Mudiri katuita wazee. Kasema mwaka huu habari ya mwezi mwandamo itakuja kwa simu kutoka Wete. Mie nikae barazani pa ofisi, nisubiri. Karani Kificho akiniambia piga, ndipo nipige.

Nisubiri! Mie ninayekwea kilima kila mwaka na kuuona mwezi kwa macho haya, nikashuka kwa Shehe Silima, akapokea ushahidi wangu, ndipo mji ukajua kesho ni Sikukuu au bado!

Tena akaongeza, kwa upole, kwamba Sikukuu ikipita atatazama kama mbiu bado ina kazi. Kama ina kazi! Kificho alikuwa akitazama viatu vyake. Kijana wa juzi. Kasoma Unguja. Anavaa soksi.

Jumanne, mwezi 26

Nimekwenda kwa Shehe Silima kuivunja simu kwa elimu. Nimemuuliza mbele ya watu, baada ya adhuhuri: waya unaweza kuwa shahidi? Umebaleghe lini? Unasali msikiti gani? Nikajua nimeshinda. Shehe akajibu kuwa waya si shahidi, shahidi ni mtu mwenye akili zake aliyeko huko, waya ni njia tu ya kupitia maneno. Nikamuuliza ni njia gani hiyo inayolia kengele. Akaniambia, yakhe Nyange, nimefunga, usinichekeshe.

Wakacheka wao.

Alasiri nikaenda ofisini kuijaribu mwenyewe. Kificho, kwa adabu yake ile ya kuudhi, kazungusha kimkono, kanishikisha kile kidude cha sikioni. Nikatoa salamu kwa sauti yangu ya kazi. Wete wakakata. Kificho kasema, Mzee Nyange, wangependa wakusikie kwa waya, si kwa madirisha. Mudiri akatoka chumba cha pili kaziba sikio moja. Nimerudi nyumbani kwa njia ya mihogo nisikutane na mtu.

Jumatano, mwezi 27

Leo asubuhi nimeiamkia nguzo ya simu. Nilidhani ni Bwana Walji, yule mnunuzi wa karafuu mrefu mwembamba, amesimama anangoja mtu. Nimesema asalaam aleikum mara tatu, nikaulizia watoto. Haikujibu. Hata adabu haina.

Kwa bahati mbaya Mwatum alikuwa nyuma yangu na ndoo. Kasema, mume wangu, mwaka jana mwezi niliuona mie nikakuelekeza kwa kidole, unakumbuka? Sikumbuki. Kasema macho yako yamechoka, kaa barazani kama ulivyoambiwa, upige ukiambiwa, ule futari yako.

Macho yangu mazima! Vitu ndivyo vilivyofifia siku hizi.

Lakini mpango umenijia. Mkubwa! Nimelala nikicheka. Mwatum kaniuliza kama nina homa.

Alhamisi, mwezi 28

Mpango ni huu. Simu ni chombo. Chombo hushindwa na chombo. Manubhai mwenye duka la nguo ana darubini ya shaba aliyonunua kwenye mnada wa vitu vya meli. Kesho ndiyo siku ya kuutazama mwezi. Nitakwea mapema na darubini, nitauona kabla ya Wete, kabla ya Unguja, na nitapiga pale pale kilimani. Simu ikilia, Ole nzima iwe imeshapika.

Ada inataka nimpe Shehe ushahidi kwanza. Najua. Lakini Shehe ana goti bovu. Mpaka atoke nje, aulize, arudie kuuliza, simu itakuwa imeshasema. Mara moja tu hii nitampa ushahidi baadaye. Mwezi ni ule ule.

Manubhai alisitasita. Kasema, mzee, iliniponyoka ngazini, kioo chake si kizuri, chukua mwavuli badala yake. Mwavuli! Hawa wenye maduka hawapendi kuazima kitu. Nikamwambia Sikukuu ikiwahi na kanga zake zitakwisha mapema. Akacheka, akanipa. Kanifungia kwenye tambara lake jekundu, mtu asiione.

Ijumaa, mwezi 29

Allahu akbar! Nimeuona!

Nilikwea peke yangu. Mawingu tele magharibi, wengine chini wanalalamika hawaoni kitu. Nikaiweka darubini jichoni. Pale pale! Mwembamba, mweupe, umelala ubavu kidogo. Nikaipeleka darubini kushoto nipumzishe mkono, ukaja nao. Nikaipeleka kulia, ukaja. Mwezi unaonijua! Kila mwaka nilikuwa nikiutafuta. Mwaka huu umenitafuta wenyewe.

Sikungoja. Nikagonga pembe. Mwezi umeandama, enyi watu wa Ole! Kesho Sikukuu! Vigelegele! Wanawake wakatoka milangoni, watoto wakaanza kupiga madebe. Kwa Bi Kazija, mjane mwenye nyumba ya mwisho kule chini kwa mikarafuu, nilisimama nikapiga mara mbili, maana masikio yake mazito. Kaniombea dua ndefu. Kasema kama si mie asingejua habari ya dunia.

Nikaendelea mpaka vitongoji vya mbali. Nimerudi sauti imekauka, miguu imevimba. Nyumbani Mwatum hakupika chochote cha Sikukuu. Nimemuuliza kwa nini. Kasema anangoja. Namhurumia. Simu imeshamharibu.

Jumamosi, 1 Mfunguo Mosi. Sikukuu!

Nimeamka, nimekoga, nimevaa kanzu mpya, nimetia udi. Nimekunywa chai kwa makusudi mbele ya Mwatum. Kasema yeye bado amefunga, kageuza uso.

Msikitini hapana mtu. Nikasema watu wavivu, nimewahi. Nikaketi safu ya mbele. Nikaleta takbira peke yangu, kwa sauti.

Akaja Shehe Silima na goti lake. Kakaa karibu yangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua. Kasema jana baada ya magharibi simu ilileta habari kutoka Wete: mwezi haukuonekana, Unguja wala Pemba, leo tunatimiza thelathini. Kasema walitaka kuutangazia mji, lakini mpiga mbiu alikuwa keshakwenda vitongojini na pembe yake. Basi Kificho kachukua taa, kazunguka mlango kwa mlango, huku mvua inanyesha, akiwaambia watu wasile. Kapoteza kiatu. Kachomwa na miiba. Ole nzima imefunga leo, ila nyumba chache ambazo Kificho hakuzifikia.

Na mie. Na chai yangu.

Nikasema mwezi nimeuona, wallahi, na darubini ninayo. Kasema twende tukautazame basi. Tukaenda dukani kwa Manubhai. Shehe akaitia darubini jichoni, akaielekeza ukutani. Akatabasamu. Akanipa. Nikaona mwezi ukutani! Mwembamba, mweupe, umelala ubavu. Nikaielekeza kwenye marobota ya nguo, mwezi. Nikaielekeza tumboni kwa Manubhai, mwezi, tena hapo ulipendeza zaidi. Manubhai kasema taratibu, mzee, nilikwambia, ule ufa. Kwenye kioo.

Nimetoka dukani kwa mlango wa nyuma, na kanzu mpya, na udi unanuka njia nzima. Sijapata kuuchukia udi namna hii. Sijala tena kutwa, wala maji. Haihesabiki. Nimefanya tu.

Jumapili, 1 Mfunguo Mosi, tena

Leo ndiyo Sikukuu ya watu. Mie nilishaiandika jana, sijui nifanyeje na karatasi hii.

Nimesali safu ya nyuma, karibu na viatu. Watoto njiani wameniuliza, babu, mwezi wa leo uko kwa Manubhai? Wakubwa zao wakawakemea huku wanacheka. Mzee mmoja kanipa mkono wa Idi akaniuliza, hii ya jana au ya leo? Nikarudi nikajifungia. Mwatum kawaambia wageni nina tumbo. Wakasema la Manubhai? Nimesikia kila kitu. Masikio yangu mazima.

Halafu akaja Bi Kazija. Huyo Mwatum hakumzuia.

Kumbe nyumba yake ni miongoni mwa zile Kificho hakuzifikia. Kaketi kwenye mkeka, kasema hakuja kugombana. Kasema tangu mumewe afariki hajaacha siku hata moja ya Ramadhani, hata mwaka ule alipougua kifua na watu wakamsihi ale. Jana asubuhi kala mkate wa kumimina, kamshukuru Mungu kwa kumfikisha. Adhuhuri jirani akamkuta anakula tena, akapiga kelele. Kasema, siku moja italipika, kaka Nyange, sina neno. Ila nilitaka nikuulize wewe mwenyewe. Uliuona, au ulitaka kuwa wa kwanza?

Nilifungua kinywa. Mie, Nyange. Hapakutoka kitu.

Kisha akasema basi, akaniachia kipande cha mkate ndani ya bakuli, maana ni Sikukuu. Sikuweza kuula. Mwatum hakunisema hata neno moja, na usiku kaniwekea maji ya moto ya kukandia miguu. Ningependa angenisema.

Jumatatu, mwezi 2 Mfunguo Mosi

Nimeitwa kwa Mudiri. Nimekwenda na pembe nimeifunga kwenye kanga ya Mwatum, tayari kuikabidhi. Njiani niliona aibu kuigusa.

Mudiri kasema mambo mengi, yote kweli. Nilitazama sakafu. Pana siafu katika ofisi ile. Kisha akauliza nani ana la kusema kabla mbiu haijafutwa, na Kificho akasimama. Anachechemea, mguu umefungwa kitambaa. Nikasema moyoni nimekwisha.

Kumbe kanitetea! Kasema simu imeleta neno mpaka ukutani, na ukutani likakaa. Haina miguu wala koo. Kasema yeye kazunguka usiku kucha na nyumba zingine hakuzijua zilipo, lakini Mzee Nyange anazijua zote, na Bi Kazija hasikii sauti nyingine. Kasema simu ipokee, mbiu isambaze, pasiwe na moja bila ya pili. Shehe akasema hayo ndiyo maneno.

Mudiri kakubali, kwa sharti. Sitatangaza jambo lolote, dogo wala kubwa, mpaka simu ithibitishe na Kificho aniambie. Nikila kiapo nabaki. Nikivunja, basi, na hapatakuwa na wa kunitetea. Nimeapa. Nimempa Kificho mkono. Nilitaka kumwambia ahsante ikatoka pole. Kasema haidhuru, baba.

Kaniita baba. Nimelia njia ya mihogo. Jasho, nimemwambia Mwatum.

Nimekwenda kwa Bi Kazija nikamwambia kweli: nilitaka kuwa wa kwanza. Kasema alijua. Nimebadilika. Naandika hapa ili ijulikane: Nyange bin Jaribu ni mtu mwingine.

Jumatano, mwezi 4 Mfunguo Mosi

Kazi ya kwanza ya utaratibu mpya! Asubuhi Kificho kaniambia daktari wa ng'ombe anakuja kesho kuchanja. Ila haijajulikana atachanjia hapa Ole au kule Wingwi. Wete watapiga simu alasiri kusema. Nisubiri barazani.

Nikasubiri. Nilisubiri vizuri sana, kila mtu kaniona. Adhuhuri ikaingia, simu kimya. Nikaanza kufikiri. Daktari mwenye gari, mtu wa heshima, atakwendaje Wingwi na ile njia yao ya mashimo? Mtu mwenye akili hahitaji waya kujua jambo kama hili. Na huku watu wanataka muda wa kuwatafuta ng'ombe porini. Kuwaficha habari ni dhambi. Kiapo changu kilikuwa cha kuthibitisha, na mie nimeshathibitisha.

Nimepiga. Vijiji vyote! Kesho alfajiri, ng'ombe na mbuzi wote, uwanja wa Ole! Sauti ilitoka safi, kama ya ujana. Nikaona uso wa Bi Kazija mlangoni, akaniuliza kama simu imesema. Nikamwambia nimesema mie. Akatikisa kichwa, akarudi ndani. Kidogo moyo ulinishituka, nikagonga pembe zaidi usisikike.

Sasa ni karibu na magharibi. Naandika nimekaa kizingitini, naona raha. Watu wa mbali hawakungoja alfajiri, wameshaleta mifugo walale nayo hapa. Uwanja umejaa, barabara imejaa, ng'ombe mmoja kajikuna kwenye nguzo mpaka waya unatikisika. Nani atasema mbiu haina kazi?

Kificho huyo anatoka ofisini mbio, na mguu wake ule ule mbovu, anapunga mikono miwili juu ya vichwa vya ng'ombe. Anapiga kelele, Wingwi, Wingwi!

Mashaallah. Hata Wingwi wamenisikia.