Pipa la Mama Lilipohama

Jamani wenzangu wa maabara, leo nimejiaibisha mbele ya mstari mzima wa nyumba mtaani kwetu, Shauri Moyo. Someni, lakini profesa asijue.

Kabla sijapanda ndege, mdogo wangu Kioko aliniuliza kwa simu, "Sister, nikuje nikuchukue?"

"Wewe! Mimi nafundisha roboti kujua ilipo chini ya maji. Nitashindwa na Shauri Moyo?"

(Kiburi hicho kikumbukeni.)

Miaka mitano niliyokaa ng'ambo, Mama amewaambia watu kanisani kwamba mwanawe anafundisha mashine isipotee. Wengi hawamwamini. Leo nilitaka nifike mwenyewe, kwa miguu yangu, wamwamini.

Asubuhi teksi ikanishusha barabarani. Lo! Vibanda kila mahali, namba za milango zimefunikwa kwa rangi, nyumba zote sura moja. Sikubabaika. Nikafanya kama roboti yetu: hesabu hatua, kadiria ulipofika, kisha tafuta alama isiyohama ujirekebishe. Na alama nilikuwa nayo. Pipa la maji la Mama, la buluu, lenye samaki niliyemchora nikiwa darasa la tano (wote husema ni kiatu).

Hesabu yangu ilisema mlango wa tisa. Pipa nikaliona mstari wa pili, mlango wa nne. Nikaamini pipa.

Nilipoingia tu, vigelegele! Akina mama tele wamevaa vitenge. Sikumfahamu hata mmoja, nikasema moyoni, kanisa limekua. Machozi yakanitoka. Mama kanipangia mapokezi makubwa kiasi hiki!

Nikaketishwa, nikapewa chai na mandazi. Kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajala, nami nikala kwa bidii.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko jikoni, anakuja," wakanijibu.

Nyanya mmoja akanishika mkono, akaomba: "Bwana, mpe huyu msichana uvumilivu na kijana wetu, maana ni mvivu."

"Amina!" nikaitikia kwa nguvu. (Nilidhani ni Kioko. Huyo namjua.)

Kwa furaha nikafungua begi, nikamvisha nyanya sweta niliyomnunulia Mama. Vigelegele tena!

Ndipo mama wa nyumba akatoka jikoni, na sura yake siyo ya mama yangu. Nyuma yake akaingia kijana mwenye tai. Akanitazama. Akasimama.

"Aii, mathe, huyu si Ndinda! Huyu ni Mwende, tulisoma na yeye!"

Alikuwa Mutuku, mwana wa nyumba hiyo, na leo alikuwa anamngoja mchumba wake, huyo Ndinda, aje kuonwa na jamaa. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na begi langu.

Kabla sijainuka, mlangoni akatokea Mama yangu mwenyewe, mikono ina unga wa chapati. Alikuwa amesikia vigelegele, akaja kumsalimu bibi harusi.

"Mwende! Nakungoja tangu alfajiri, kumbe umeshaolewa?"

"Mama, nilifuata pipa lako!"

"Nimewaazima, wana wageni! Pipa si mlima!" Akaniangalia, akaangalia sahani yangu. "Na hiyo mashine yako, ikipotea huwa inapikiwa pia?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Hata nyanya, ambaye sweta alikataa kuivua. Mama naye akacheka hadi akafuta machozi kwa leso, kisha akanikumbatia, unga wote ukabaki mgongoni mwangu. Nilikuwa nimemkumbuka mno, jamani.

Ninaandika haya mjini, kwenye duka la kompyuta za kulipia. Kioko amekaa mlangoni. Mama amemwagiza anishike mkono mpaka nyumbani.