Yai la Mvunja Mayai

Jumanne, 6 Juni
Nimefika Barcelona kwa dada Assumpta, uani nyuma ya kanisa kuu. Keshokutwa Sikukuu ya Ekaristi, na kwa desturi ya hapa yai litawekwa juu ya maji yarukayo ya chemchemi, licheze bila kuanguka. Shemeji Bonifaci, aliyelipandisha miaka kumi na tisa, kateguka mkono. Kaniachia mimi! Nilipokuwa na miaka minane lilinidondoka hapahapa, na hadi leo mtaa mzima unaniita Mvunja Mayai. Nina sitini na sita. Alhamisi jina hili linazikwa!

Jumatano, 7 Juni
Yai la kuku laini mno. Nikawaza bata bukini kumi na watatu wanaofugwa bustanini mwa kanisa. Nikavuka kamba, nikapiga magoti kutafuta mayai. Watalii walidhani nasali. Bata hawakudhani. Suruali imechanika palepale pa kukalia! Mlinzi kaniuliza, mzee mzima sioni haya?

Dada kaishona akisema hata Mtakatifu Petro mlangoni pa mbinguni nitamchokoza. Kanikumbusha: yai hutobolewa, hupulizwa hadi liwe tupu, tundu likazibwa kwa nta. Nikaitikia. Kisha nikachukua la kuku, maana la bata sikupata, nikalichemsha. Yai la kuchemsha litavunjikaje? Akili ni mali!

Alhamisi, 8 Juni
Aibu! Nimeliweka juu ya maji, likagoma. Likateleza, likazama, chubwi! Mtaa mzima hoi kwa kicheko. Mercè muuza maua kapaza sauti kwamba Mvunja Mayai leo kawa Mzamisha Mayai. Nilitamani ardhi inimeze.

Bonifaci akanisogelea kana kwamba ananipa pole, akanitia kitu kiganjani. Yai tupu, lenye nta! Akaninong'oneza: shemeji, nakujua, nimelipuliza tangu juzi. Nikaliweka. Likapanda. Likacheza! Nimelia mbele za watu, na wala sijuti. Dada aliliopoa lile la kwanza, akalimenya, akala na chumvi.

Jumatatu, 12 Juni
Limecheza hadi jana jioni bila kuanguka! Mercè kanipa waridi na kuniita Bwana Oleguer. Bwana! Bonifaci anasema mwakani nipandishe tena. Ana moyo wa dhahabu, nampenda kuliko ninavyomwambia.

Ila kuhusu mayai hajui kitu. Nimetafakari usiku kucha: kuchemsha hakukuwa kosa. Maji ndiyo dhaifu. Nimeshaulizia pampu yenye nguvu zaidi. Na kuna mfugaji kaniahidi yai la mbuni. Kaniuliza nalitaka limepulizwa? Nikamwambia aniletee zima, sufuria ninayo.